Goli la basketi la nyumbani: ukinunua nguzo, tazama shingo

Kila upepo wa kusi ukishika kasi, malalamiko yanayonifikia hapa Mombasa, kutoka Nyali, Bamburi na Likoni, ni yale yale: goli la basketi limelala chini, ubao umepasuka, nguzo imekatika sawasawa na ardhi. Mwenye nyumba analaumu upepo, au anamlaumu mtoto aliyening'inia kwenye ringi. Lakini kitazame kile kisiki kilichobaki kwenye zege. Ukingo wake ni mwembamba kama kopo la maziwa, na ndani kumejaa unga mwekundu. Nguzo hiyo ilikuwa imeshakufa zamani, upepo ulikuja kuiangusha tu.

Kwa hiyo hapa sitapoteza muda na ukubwa wa ubao wala rangi ya neti. Ninachopanga ni namna nne za kushikilia goli nyumbani, na ninazipanga kwa jambo moja ambalo muuzaji hakuambii: shingo ya nguzo itakaa miaka mingapi. Shingo naita ile sehemu fupi inayoanzia sentimita tano ndani ya zege hadi kama kumi juu yake.

Shingo inaliwa kutoka pande mbili. Nje, zege likikauka hunywea kidogo na kuiachia nguzo ufa mwembamba kama uzi. Maji ya mvua yanateremka na nguzo, yanaingia humo pamoja na chumvi ya upepo wa bahari, na chumvi hiyo huvuta unyevu hata siku ambayo haijanyesha. Brashi ya rangi haifiki. Ndani ni kubaya zaidi. Bomba likiachwa wazi juu, au likitobolewa matundu ya bolti bila kuzibwa, maji huingia, na kama mguu wake umezibwa na zege bomba linageuka gilasi: maji yanasimama humo yakila chuma usiku na mchana. Nje nguzo inang'aa silva.

Ya kwanza: nguzo ya kufungwa kwa bolti juu ya bamba

Hii ndiyo ninayoipendekeza, na upendeleo wangu siufichi: mfano wake bora ni Goalrilla, chapa ya magoli ya Marekani. Nguzo yao ni kipande kimoja, si vipande vitatu vilivyochomekwa, na haizikwi. Zinazozikwa ni bolti. Nguzo inakaa juu yake na bamba lake, kwa hiyo shingo iko hewani, unaiona, unaipaka rangi, na ukihama nyumba unafungua nati unaondoka nayo. Tatizo ni gharama ya kuliingiza dubwana zito namna ile kupitia bandarini, na sioni sababu ya kulipa hivyo wakati fundi mzuri wa kuchomelea anaweza kuufuata mtindo huo kwa chuma cha hapa hapa.

Agiza hivi. Nguzo ni bomba la GI (chuma kilichochovywa zinki) la inchi 4, klasi B au C; klasi ni unene wa bomba, nitaueleza chini. Usikubali inchi 3 kwa kuwa "tofauti ni ndogo": la inchi 4 la klasi B linapinga kupinda zaidi ya mara mbili ya lile la inchi 3 la klasi hiyo hiyo. Kata mita 3.6. Bomba huuzwa kwa mita 6, basi kipande cha mita 2.4 kinachobaki ni chako, umekilipia, kidai. Bamba la chini liwe sentimita 30 kwa 30, unene milimita 16, lenye matundu manne ya bolti na tundu la sentimita 5 katikati kabisa, ndani ya bomba, maji yapate pa kutokea. Tundu hili ndilo mafundi wengi hulisahau, na ndilo roho ya kazi yote. Pembe nne za bamba ziongezwe mbavu za pembetatu za milimita 10. Juu, nguzo ifunikwe kwa kifuniko kilichochomelewa mzunguko mzima, si doti tatu.

Mikono ya kushika ubao ni bomba la mraba la milimita 50 kwa 50, unene 3: urefu mmoja wa mita 6 unatoa vipande vinne vya mita 1.3 na vipande vya kukaza. Miwili juu, miwili chini, ikatokeza ubao angalau sentimita 90 mbele ya nguzo, mita 1.2 ukiweza, ili anayekimbilia mpira asijigonge kwenye chuma. Jua tu kwamba kila sentimita unayoongeza inazidisha mzigo shingoni. Kijana wa kilo 80 akining'inia mita 1.2 kutoka kwenye nguzo ni kama kumtundika mtu huyo kwenye ncha ya mtaimbo wa urefu huo.

Kuchomelea kunaunguza zinki, na pale ilipoungua ndipo kutu inapoanzia. Ukipata karakana inayochovya chuma kwenye zinki ya moto, chomelea kila kitu kwanza halafu peleka kizima, huku kila bomba lililofungwa likiwa na tundu la kupumulia. Bila tundu, hewa na unyevu vilivyofungiwa vinaweza kulipasua ndani ya zinki yenye joto la takriban nyuzi 450. Baadaye ziba matundu yaliyo juu, ya chini yaache. Ukikosa karakana, sugua kila mshono kwa brashi ya waya mpaka uwe mweupe, paka rangi ya zinki mara mbili, kisha rangi ya kawaida. Redi oksaidi, ile rangi nyekundu ya kuzuia kutu, peke yake haitoshi karibu na bahari.

Sasa shimo. Sentimita 60 kwa 60, kina sentimita 120. Kisiwani na Nyali sururu mara nyingi itagonga mwamba wa matumbawe kabla ya hapo, na fundi atakuambia mwamba ni bora kuliko zege, tuishie hapa. Usikubali kirahisi. Matumbawe yana mapango na vipande vilivyolegea. Gonga kwa mtaimbo, ukisikia mlio wa uwazi endelea kuchimba. Mwamba ukiwa mzima kweli, punguza kina hadi sentimita 80 lakini panua upande uwe 80. Kwenye mchanga wa Bamburi au Likoni kuta za shimo hubomoka, kwa hiyo chimba 80 kwa 80 na uweke mbao. Changamwe na Mikindani udongo unavimba mvua ikinyesha na kupasuka jua likiwaka. Huko usipunguze kina hata kidogo.

Shimo la 60 kwa 60 kwa 120 linameza zege la mita za ujazo 0.43, yaani mifuko mitatu ya simiti ya kilo 50. Kwa kila mfuko pima ndoo tatu na nusu za mchanga na ndoo saba za kokoto, ndoo ya lita 20. Maji ni lita 25 kwa mfuko, yasizidi. Zege likitiririka kama uji, fundi amejirahisishia kazi na wewe umenunua udhaifu. Mchanga uwe wa mto. Wa ufuoni una chumvi, na chumvi iliyomo ndani ya zege itazila bolti zako mahali ambapo hutaziona kamwe.

Bolti ni nne, M20 (kipenyo milimita 20), urefu sentimita 60, zilizopindwa chini kama herufi J. Zifunge kwenye kipande cha plaiwudi kilichotobolewa sawa na bamba lako, ziache zitokeze sentimita 10, na uhakikishe plaiwudi iko sawa kwa pima maji kabla zege halijashika. Kazi hii ya dakika kumi ukiiruka, utalitoboa bamba upya juu ya zege kavu. Zege liinuke sentimita 7 juu ya uwanja na literemke pande zote. Lifunike magunia, yamwagilie siku saba. Simamisha nguzo baada ya hapo, lakini mtu asining'inie kabla ya siku 28.

Kila bolti iwe na nati moja chini ya bamba na mbili juu. Za chini ndizo za kunyoosha nguzo: unazizungusha moja moja huku ukitazama timazi. Nafasi ya sentimita mbili na nusu inayobaki chini ya bamba jaza mchanganyiko mkavu wa simiti na mchanga, lakini kwanza laza kijiti cha unene wa kidole kutoka kwenye tundu la katikati hadi nje, ukivute mchanganyiko ukianza kushika. Huo ndio mfereji wa maji ya ndani.

Jambo moja linaharibu kazi nzuri kuliko yote: kabro, yale matofali ya zege ya kutandaza uani. Watu husimamisha goli leo, mwaka ujao wanatandaza kabro ya milimita 60 juu ya mchanga wa sentimita 4. Ringi iliyokuwa mita 3.05 sasa ni mita 2.95, na bamba lililokuwa hewani sasa liko sawa na kabro, mfereji wake wa maji umezibwa. Kama utaweka kabro siku yoyote, pima kila kitu kuanzia juu ya kabro ambayo bado haipo.

Kuhusu wauzaji wa mabomba

Hapa nina kinyongo. Ukiuliza bomba la inchi 4 unatajiwa bei, na hakuna anayekuambia unene. Kumbe klasi A ni milimita 3.6, B ni 4.5, C ni 5.4, na mabomba ya kiwango cha Uingereza huwa na mstari wa rangi: kahawia kwa A, buluu kwa B, nyekundu kwa C. Mstari unafutika, au unafutwa. Halafu kuna mabomba meusi ya milimita 2 yaliyopigwa rangi ya silva yakasimamishwa katikati ya GI na kuuzwa kwa jina hilo. Kwa muuzaji anayejua anachokifanya, huo ni wizi, kwani nguzo ile itasimama juu ya vichwa vya watoto.

Dawa yake ni mizani. Bomba la inchi 4 la mita 6 klasi A lina kilo 59, B kilo 73, C kilo 87. Lile jeusi jembamba halifiki kilo 35, mtu mmoja analibeba begani bila kuhema. Muuzaji akikataa lisipimwe, toka dukani. Akikubali, risiti iandikwe unene kwa milimita, isiandikwe "bomba inchi 4" tu.

Ya pili: nguzo ya kuzikwa

Bomba la aina ile ile, shimo lile lile, ila nguzo inaingia mita 1.1 ndani ya zege, kwa hiyo ikate ndefu zaidi kwa kiasi hicho. Ni rahisi zaidi kwa fundi na inafaa ukitimiza mambo matatu. Tandaza kokoto tupu sentimita 10 chini ya shimo na mguu wa nguzo ukae humo ukiwa wazi, zege lisiuzibe. Paka lami shingoni, sentimita 20 chini na 20 juu ya usawa wa zege. Na zege liinuke na kuteremka kama nilivyosema. Ukitimiza mawili kati ya matatu haya, hesabu kwamba umenunua namna ya nne, ile ya magurudumu.

Ya tatu: ukutani

Haina shingo, na kwa hilo naipenda. Lakini ukuta wa hapa si wa zege. Matofali ya matumbawe ni laini, na bolti za kutanuka huyasaga polepole kila mpira unapogonga ubao, mpaka siku moja zinatoka na unga wake. Tumia bolti za M16 zinazopenya ukuta mzima, na upande wa pili weka bamba la milimita 8 linalounganisha bolti mbili mbili. Ukibahatika kupata boriti ya zege kwenye kimo hicho, funga hapo. Kuta za kale za mawe na chokaa za Mji wa Kale ziache kabisa.

Ya nne: ya magurudumu yenye tangi la plastiki

Ni ya bei nafuu, na inawafaa watoto wadogo na nyumba za kupanga. Chapa za Lifetime na Spalding ni bora kuliko zisizo na jina. Tangi la galoni 35 ni lita 132 za maji tu, na jua letu hupasua plastiki taratibu: maji yanavuja, goli linakuwa jepesi na hakuna anayejua mpaka upepo uje. Jaza mchanga mkavu badala ya maji, au angalia kimo cha maji kila wiki na uufunge mfuniko mbu wasizaliane. Nguzo ya vipande vitatu hushika kutu kwenye maungio, kwa hiyo paka grisi kabla ya kuchomeka.

Kama tayari una nguzo iliyozikwa, ifanyie jaribio hili kabla ya kusi. Fukua kidogo kuizunguka shingo, sugua rangi, kisha igonge kwa nyundo ndogo kuanzia kiunoni ukishuka. Mlio ukibadilika kutoka wa kengele kuwa wa debe, bonyeza hapo kwa ncha ya bisibisi. Ikizama, teremsha ubao na ringi siku hiyo hiyo, kabla hujaenda kumtafuta fundi.