Seti ya sanamu ya theluji: kofia safi, vifungo havikai

Niliinunua Desemba hapa Lewiston, jimbo la Maine, kwa dola 19. Ndani mna kofia nyeusi ya kitambaa kizito, skafu nyekundu, pua ya mbao iliyochongwa kama karoti, macho na vifungo vya plastiki nyeusi. Binti yangu wa miaka saba aliiona dukani akaing'ang'ania, na mimi niliyekulia Kasulu sikuwa na la kumfundisha kuhusu theluji. Nilitegemea seti itufundishe wote wawili.

Karatasi ya maelezo ina picha tu. Haisemi lolote kuhusu theluji yenyewe, na hapo ndipo kazi yote ilipo. Siku ya kwanza ilikuwa nyuzi 12 chini ya sifuri, theluji kavu kama unga wa muhogo, ukiikamata inapita vidoleni. Tulihangaika nusu saa mpaka mtoto akalia. Mzee jirani akatushauri tungoje siku ambayo baridi imelegea, karibu na sifuri, theluji iwe na unyevu. Sasa napima kama ugali: nafumbata tonge, nikifungua kiganja likiwa limeshikana, tunaanza.

Donge tunaliviringisha huku tukibadili upande kila mara, maana ukienda njia moja tu unapata gogo. La chini letu lilikuwa kama sentimita 90, la kati 60, kichwa 30. La kati ni zito mno, tulilipandisha kwa kulisukuma juu ya ubao. Kabla ya kubebesha, sawazisha juu ya donge la chini liwe bapa, kisha kandika theluji kwenye maungio kama unavyokandika udongo kwenye nyumba ya miti. Letu lilisimama wiki tatu.

Sasa seti. Kofia imekaa vizuri kabisa, na pua ina kijiti kirefu, haikutikisika. Skafu ni fupi, inazunguka shingo mara moja na ncha hazining'inii. Vifungo ndivyo vilivyoniudhi: vijiti vyake havifiki sentimita tatu, na rangi nyeusi inavuta joto la jua, theluji inayovishika inayeyuka. Saa sita mchana siku ya pili vyote vilikuwa chini. Nikavifunga kwenye vijiti vya mti vya sentimita 15 na sanamu ya pili tukaielekeza kaskazini, jua lisiipige usoni. Havijaanguka tena.

Kule Bethel, humu humu Maine, mwaka 2008 walijenga sanamu ya theluji ya zaidi ya mita 37, mikono yake miti mizima ya misprusi. Watengenezaji wa seti hii wangeongeza kijiti tu.

Nyota tatu kati ya tano. Kama una mtoto, inunue kwa ajili ya kofia na pua, vifungo tafuta kokoto au vipande vya matawi.