Picha za Papa Potwe: Mitandao ya Kijamii au Hifadhidata ya Watafiti?

Kila papa potwe ana mpangilio wake wa madoa nyuma ya matamvua, hivyo picha ya ubavu wa kushoto iliyopigwa na mtalii kisiwani Mafia yaweza kumtambulisha bila hata kumgusa. Picha zinazowekwa Facebook ni nyingi, lakini mtandao huo huondoa taarifa za mahali na saa zilizohifadhiwa ndani ya picha, na si mara zote ubavu unaohitajika huonekana. Anayeituma picha Sharkbook, hifadhidata ya mtandaoni ya watafiti wa papa, huulizwa tarehe na mahali, kisha programu hulinganisha madoa hayo na ya papa waliokwisha kusajiliwa. Kwa kukadiria idadi yao naiamini zaidi njia hii; ile ya kwanza inafaa hasa kudokeza wanakoonekana pasipokuwa na watafiti.