"Seva iko Dar, dada": uzoefu wangu wa kufungua QGIS kwa mbali nikiwa Mbeya

Naandika na hasira, mtanisamehe. Kazi yangu ni kuchora ramani za mashamba ya kahawa, mengi ya Mbozi, na picha za setilaiti ninazotumia zinaielemea laptopu yangu. Nikakodi seva ya Linux kwa kampuni moja ya Dar, jina naliweka kando. QGIS, programu ya kuchorea ramani, inakaa kwenye seva, mahesabu yote yanafanyika huko, na mimi hapa Soweto, Mbeya, naletewa madirisha tu kwenye skrini kupitia ssh (njia salama ya kuingia kwenye kompyuta ya mbali) na X11 (mfumo wa Linux wa kuonyesha madirisha ya programu). Ukiona inavyofanya kazi kwa mara ya kwanza unacheka peke yako. Unaandika amri moja, na programu iliyo mbali inafunguka mezani kwako kana kwamba umeiweka mwenyewe.

Furaha iliishia kwenye menyu. Nikibofya "Faili", nasubiri. Orodha inashuka kipandekipande, kipanya kinaganda, nikiandika jina la shamba herufi zinakuja zikiwa zimechelewa. Shida ni kwamba mfumo huo, X kwa kifupi, ulizaliwa chuo cha MIT, Marekani, mwaka 1984, na X11, yaani toleo lake la 11, ni ya 1987, enzi ambazo programu na skrini vilikuwa kwenye mtandao wa chuo kimoja. Programu inauliza skrini maswali mengi madogomadogo, na mengine lazima yajibiwe kwanza ndipo iendelee. Ni sawa na kumtuma mtoto Mwanjelwa akanunue kiberiti, arudi kuuliza cha aina gani, aende, arudi tena kuuliza kimoja au viwili. Kama duka liko jirani hutaona tabu.

Sasa duka liko wapi? Hapo ndipo moto ulipowaka.

Nikawapigia. Kijana aliyepokea hakusubiri hata nimalize maelezo. "Seva iko Dar, dada. Mtandao wa huko mikoani ndivyo ulivyo." Mikoani! Nikamwambia, mdogo wangu, nimepima. Ujumbe kwenda kwenye seva na kurudi ni zaidi ya milisekunde 180. Kutoka Mbeya hadi Dar kwa barabara ni kama kilomita 830, na mwanga ndani ya nyaya za faiba unakwenda takribani kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo safari nzima, kwenda na kurudi, haifiki hata milisekunde 10. Ongeza mitambo ya njiani, ongeza mizunguko, bado hufiki 180. Na mashine nyingine ninayoijua, ambayo kweli iko Dar, inanijibu chini ya 40 kwa intaneti hiihii ya mikoani. Seva yenu imevuka bahari, baba.

Akanyamaza kidogo, kisha akaniambia niombe X ianzishwe upya upande wao. Upande wao! Kwa namna ninavyotumia, seva ya X ni ile inayoendesha skrini, yaani iko kwenye laptopu yangu. Kwao kuna programu tu inayoomba kuchorewa. Nilipomweleza, akacheka. Sikuota, alicheka kabisa.

Kama siku mbili baadaye mvua ikapiga, modemu ikajiunga upya na ssh ikakatika. QGIS ikaondoka nayo, pamoja na mipaka niliyoichora mchana wote. X ya kawaida ndiyo tabia yake: programu ikipoteza skrini, inakufa. Siku hiyo ningeulizwa, ningesema teknolojia hii itupwe, na aliyeibuni aje aitumie huku kwetu msimu wa masika.

Rafiki yangu wa Iringa ndiye aliyeniambia nijaribu Xpra. Hii inaweka skrini ya bandia kulekule kwenye seva, maswali yote yanajibiwa hukohuko, na kwangu inaletwa picha iliyobanwa. Mtandao ukikatika, programu inaendelea kuishi. Ukirudi, unajiunga na kuikuta pale ulipoiacha. Menyu inashuka vizuri, si haraka kama ya laptopuni, ila inavumilika. Kwa hiyo X naifutia nusu ya matusi yangu.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba sasa kazi inakwenda hata kwa seva yao hiyohiyo ya ng'ambo. Nikipiga simu tena wataniambia si unaona, tatizo lilikuwa kwako. Mimi sikulalamikia umbali. Wangeniambia ukweli siku ya kwanza, ningetafuta Xpra siku ya kwanza, na mashamba yangu yangekuwepo.

X11 tupu kwa mtandao wa mbali: nyota moja. Ndani ya ofisi moja: nne, nasema kweli. Xpra: nne na nusu. Kampuni: sifuri, nahama mwezi huu. Au labda mwezi ujao, maana bei yao sijaipata pengine, na kuhamisha picha zote zile kwa bando si mchezo. Lakini yule kijana akipokea tena, nitamwomba anitajie mtaa wa Dar ilipo hiyo seva, nikishuka nipite kuisalimia.