Kurudi kwenye Tume au kwenda mahakamani?

Mama jirani yetu hapa Katuba, Lubumbashi, alizaliwa Johannesburg. Baba yake alipoteza parseli (kiwanja) chini ya sheria ya Afrika Kusini ya 1950 iliyogawa mitaa kwa rangi ya ngozi. Familia iliwahi kudai kabla ya mlango wa madai kufungwa, 31 Desemba 1998. Jumapili alituletea barua ya fidia kutoka Tume ya madai ya ardhi ya kule, imekunjwa mara nne, hesabu ya randi imezungushiwa bik nyekundu. “Mwanangu, hizi hazitoshi hata matofali.”

Kurudi kwenye Tume ya madai ya ardhi ni rahisi mfukoni: unaandika, unadai wakuonyeshe thamani waliipataje, unaongeza hati waliyoisahau. Shida ni kungoja. Na ukishatia sahihi, kujinasua ni kazi ngumu.

Mahakama ya Ardhi (tangu 2024 ndiyo iliyorithi ile ya madai) ina meno. Inatazama thamani ya siku ile ya kufukuzwa, mateso ya familia, na fidia iliyolipwa zamani. Ila usiende ukiota bei ya leo ya mtaa. Mwaka 2014, katika kesi ya familia ya Florence wa Cape Town, Mahakama ya Katiba ilikubali kipimo cha mfumuko wa bei, si kupanda kwa bei za viwanja. Mimi hilo liliniuma.

Kwa mama, ningeanza na Tume, kwa sababu barua imehesabu nyumba tu na kuruka kibanda cha kupangisha cha nyuma. Wakikataa kueleza, basi avoka (mwanasheria) na mahakama. Sahihi ingoje.