Waliziba matundu ya Armitage, wakataka na shukrani

Nyota moja, na hata hiyo nimeitoa huku nimekunja uso.

Ni albamu ya nakala za wachoraji wa Uingereza wa siku hizi, kurasa za kuchomoa na kutia fremu. Muuzaji anajisifu kwamba humo hakuna wawili wanaofanana. Ni kweli hawafanani. Aliyewafananisha ni mchapaji.

Nianze na kilichonichemsha. Michael Armitage, mzaliwa wa Nairobi, hachori kwenye turubai. Anachora kwenye lubugo, kile kitambaa cha gome la mti wa mutuba ambalo Waganda hulitwanga kwa nyundo za mbao mpaka litanuke, na ambacho tangu zamani ni cha kuzikia. Gome si pamba: lina matundu, lina makunyanzi, lina mishono ya mkono. Armitage anayaacha makusudi, tundu likaangukia mwilini mwa mtu, mshono ukakatiza mandhari. Kwenye nakala yangu hakuna tundu hata moja. Mtu amekaa kwenye kompyuta akaziba moja baada ya jingine, na mishono akaipaka rangi. Nikauliza. Jibu: "Mpendwa mteja, kasoro hizo tulizirekebisha bila gharama ya ziada." Kasoro! Umemnyoa mtu ndevu amelala, halafu unasubiri akushukuru.

Tuje kwa Frank Auerbach, aliyefariki 2024. Huyu alikuwa akikwangua na kuanza upya, kikao baada ya kikao, na vichwa vyake vya mwanzoni vimelundikwa rangi mpaka imeinuka kama udongo wa kufinyangia. Glenn Brown naye kavichukua vichwa vya Auerbach akavichora upya kwa uso laini: ukiwa mbali unaona mafungu ya rangi, ukisogea unakuta bapa kabisa. Utamu wote uko hapo. Albamu imewaweka kurasa zinazotazamana (aliyewaza hivyo anajua kazi, simnyimi haki yake), kisha ikawapiga picha kwa taa mbili za nguvu sawa, kila upande nyuzi 45. Matokeo yake kivuli cha taa hii kinafutwa na ile, na mnene na mwembamba wametoka sawa. Rangi nzito inataka taa moja iteremshwe mpaka nyuzi 15 au 20 hivi kutoka usawa wa mchoro, ya pili ipunguzwe nguvu, na karatasi iwe isiyong'aa. Wao wamechagua ya kung'aa. Juu ya Auerbach wangu ninaiona balbu ya sebuleni.

Bridget Riley kaumia kwa namna nyingine. "Fall", ya 1963, ni ubao wa karibu sentimita 141 kwa 140, mistari myeusi ya mawimbi kwenye weupe. Picha ya mistari ya namna hiyo ukiipunguza bila kuilainisha kwanza, mistari inagombana na safu za pikseli, yanazuka mawimbi ambayo Riley hakuyachora. Na sahani za Lubaina Himid, mzaliwa wa Zanzibar? Vyombo vikuukuu alivyopaka juu ya mapambo yake ya zamani. Wamezikata kingo ili zitoshe ukurasa, na mapambo yenyewe yalikuwa kingoni.

Kisha nikafika kwa David Hockney, hasira zikaniishia. Ile michoro yake ya majira ya kuchipua kule Woldgate, 2011, aliichora kwenye iPad. Haina unene wa kupotezwa; wino kwenye karatasi ndio mwili wake. Kijani kimetoka kikali kama kinavyotakiwa, njia ya zambarau inakuvuta uingie. Hapa wamepatia, na kwa karatasi hiyo tu bei yao nisingeilalamikia. Nilikuwa tayari kuandika nyota tatu.

Nikaichomoa niipeleke kwa fundi fremu, nikaigeuza. Nyuma ya Hockney kuna Armitage wa pili, naye kazibwa vilevile. Kurasa za kutia fremu, wamechapa pande zote mbili! Irudi moja.