Darasa la ufinyanzi Moshi, kwa mwenye mzee anayetetemeka mikono

Jamani mi nampeleka baba darasa la ufinyanzi maeneo ya Rau kila Jumamosi, wiki ya sita sasa. Baba ana Parkinson, ule ugonjwa ubongo unapungukiwa dopamini, kemikali inayosaidia kuongoza mwendo wa mwili, mkono wa kulia unatetemeka akiwa ametulia tu, na mwandiko wake siku hizi kama sisimizi wamepita. Ila akishaanza kuukanda udongo mtetemo unapungua, nilikaa pembeni namwangalia kidole gumba kinalainisha mdomo wa kikombe taratibuuu, machozi yakanilenga kwa kweli. Haiponyi, dawa ni zile zile, lakini kile kikombe kakionyesha mtaa mzima!

Mwalimu ni mama mmoja mpole sana, anamwamkia kwanza shikamoo babu, hamharakishi. 15,000 kwa siku, udongo humo humo. Kasoro ni stuli hazina egemeo na mzee balansi yake siyo nzuri, nikaomba kiti wakaleta siku hiyo hiyo. Ukienda panga muda dawa ikiwa imeshakolea, sisi anameza saa tatu, saa nne tunaanza.