RO ya jikoni kwenye tangi la matumbawe: uzoefu wangu wa miezi 14 hapa Nairobi

Niseme mapema: mashine hii inafaa, ila si jinsi inavyotoka dukani. Ni RO (reverse osmosis, mashine inayosukuma maji kupitia utando unaozuia chumvi) ya kawaida ya maji ya kunywa, ya hatua tano, ile unayoikuta River Road na Industrial Area: makopo matatu ya inchi 10 chini, utando wa 75 GPD (galoni kwa siku) juu, na mwishoni kichujio cha madini chenye vijiwe vya rangi. Nililipa Sh18,500. Ukiifunga kama kitabu chake kinavyoelekeza, utapata maji matamu ya kunywa na mwani wa kahawia mchanga mzima. Ukiifanyia marekebisho matatu, inatoa maji ya TDS 0 (TDS ni kipimo cha chumvi na madini yaliyoyeyuka) mwezi baada ya mwezi. Naipa alama 4 kati ya 5. Ile moja iliyopotea nitaieleza.

Tangi langu ni la lita 200, lenye matumbawe laini na machache magumu, na samaki wanne wadogo. Tangi la ukubwa huo bila kifuniko hupoteza lita 2 hadi 4 kwa siku hapa kwetu, zaidi Januari na Februari hewa ikikauka. Kinachoondoka ni maji matupu, chumvi inabaki. Kwa hiyo unachojazia nacho kiwe maji matupu, maana chochote kilichomo kinabaki tangini na kujilimbikiza. Piga hesabu: maji yako ya mfereji yakiwa na fosfeti, chakula cha mwani, 0.5 ppm (miligramu kwa lita) na ukajazia lita 90 kwa mwezi, umeongeza zaidi ya 0.2 ppm kwenye lita 200. Mimi naitunza fosfeti kati ya 0.03 na 0.1. Mwezi mmoja tu, na umeshavuka mara mbili. Shaba ni mbaya zaidi, kwa sababu kiwango ambacho samaki atakivumilia kinatosha kuua konokono na kamba wote. Ndiyo maana sitaki hata kiungo kimoja cha shaba au brasi baada ya utando. Viwe vya plastiki vyote.

Tatizo kubwa kwa wanaoishi ghorofani ni msukumo wa maji. Utando wa 75 GPD umepimwa kwa maji ya nyuzi 25 na psi 50, na hapo ndipo hutoa lita 284 kwa siku. Tangi la paani likiwa mita 6 juu ya mfereji wako linakupa psi 8 au 9 tu, kwa kuwa kila mita 10 za kimo ni takriban psi 14. Maji ya tangi hilo mwezi wa Julai yanasoma nyuzi 17 kwenye kipimajoto changu, na kila nyuzi moja chini ya 25 hupunguza maji safi kwa asilimia 3 hivi. Bila pampu, mtungi wa lita 20 ulichukua zaidi ya saa 13. Kibaya zaidi, TDS ilitoka 11 wakati maji yanayoingia yalikuwa 70. Msukumo ukipungua, maji yanayopenya utando hupungua, lakini chumvi inaendelea kupenya kwa kasi ileile, basi maji machache yanabeba chumvi nyingi. Watu wengi hapo husema utando ni feki. Pima msukumo kwanza.

Rekebisho la kwanza, pampu ya volti 24, lilimaliza hilo. Nimeifunga baada ya makopo matatu na kabla ya utando, ili makopo yenyewe yasibebe psi 70, kisha geji ikafuata kati ya pampu na utando. Sasa mtungi wa lita 20 unajaa kwa saa moja na dakika 35 hivi, TDS inasoma 2 kabla ya rezini, zile punje zinazonasa chumvi iliyobaki. Stima inayotumika ni kidogo sana, adapta ni ya wati 30 hivi, kwa hiyo mtungi mmoja haufikishi hata sehemu ya kumi ya yuniti.

Hapa ndipo alama ile moja ilipotea. Pampu ililetwa bila swichi ya msukumo mdogo, na muuzaji akasisitiza kwamba si lazima. Katika mji wa mgao wa maji ni lazima kabisa. Mfereji ukikauka usiku, pampu inaendelea kuzunguka kavu, inachemka, na mpira wake wa ndani unapasuka. Ya kwanza ilikufa hivyo. Unahitaji swichi mbili: ya msukumo mdogo upande wa maji yanayoingia, izime pampu maji yakikatika, na ya msukumo mkubwa upande wa maji safi, izime pampu boya la mtungi likifunga. Bila hiyo ya pili pampu inasukuma dhidi ya mlango uliofungwa hadi paipu ichomoke, na sakafu inaoga. Dai zote mbili kabla hujalipa.

Rekebisho la pili ni kutoa kichujio cha madini. Kazi yake ni kurudisha kalsiamu na vinginevyo kwenye maji yaliyosafishwa, na kwenye mashine yangu kilipandisha TDS kutoka 2 hadi 34. Kwa kunywa ni sawa. Kwa matumbawe unarudisha kwa mlango wa nyuma ulichokitoa kwa mlango wa mbele. Toa pia lile tangi la chuma la kuhifadhi msukumo, halina kazi hapa.

La tatu ni hiyo rezini, inayoitwa ya DI, aina inayobadilika rangi ikichoka, kutoka buluu kwenda kahawia. Nunua kopo la inchi 10 linalosimama wima, maji yaingie chini na kutokea juu. Vile vikopo vyembamba vinavyolazwa kwa klipu juu ya utando vina kasoro: rezini hushuka upande mmoja, juu pakabaki uwazi, na maji hupita hapo bila kuguswa. Utaona TDS 0 wiki ya kwanza, halafu 1, 2, 3, na rezini bado buluu.

Rezini itadumu muda gani? Inategemea maji yako yanatoka wapi, na hapa Nairobi tofauti ni kubwa mno. Maji mengi ya jiji hutoka bwawa la Ndakaini, Murang'a, na ni maji laini. Kwangu yanasoma TDS 60 hadi 80. Kwa maji hayo nimeshatoa zaidi ya lita 1,100 na kopo halijafika nusu kubadilika rangi. Mgao ukikaza, ploti inafunguliwa kisima, na mita inaruka hadi 420. Kwa maji ya kisima kopo zima liliisha kwenye lita 400.

Hesabu ya TDS peke yake haielezi yote. Sababu nyingine ni kaboni dioksidi. Ni gesi iliyoyeyuka. Inapita kwenye utando kana kwamba utando haupo, mita ya TDS haiioni, kisha inaila rezini. Kujua kama maji yako yanayo, pima pH ya glasi moja papo hapo, weka jiwe la hewa kwa saa moja, pima tena. Ikipanda kwa 0.5 au zaidi, gesi ipo. Dawa ni pipa la lita 100 juu ya meza, maji ya kisima yalale humo na jiwe la hewa usiku kucha, asubuhi mashine ivute kutoka pipani. Kopo lililofuata lilifika lita 650 kwa njia hiyo. Maji ya boza yafanyie vivyo hivyo, kwa sababu mengi ni ya kisima pia.

Kingine cha visima vyetu ni silika, kwa kuwa ardhi hii ni ya miamba ya volkano. Silika ndiyo ya kwanza kuvuja rezini inapokaribia kuchoka, na inavuja wakati mita bado inasoma 0. Dalili utaiona tangini: unga wa kahawia juu ya mchanga na kwenye kioo, ukipitisha kidole unatoka laini kama kakao, kesho saa za taa umerudi. Ukiuona kwenye tangi lililokwisha kukomaa, usianze kununua dawa za mwani. Badilisha rezini. Anayetumia kisima mwaka mzima afunge makopo mawili ya rezini yafuatane. La kwanza likigeuka kahawia robo tatu, tupa, sogeza la pili mahali pake, na weka jipya nyuma.

Jambo dogo linalookoa rezini nyingi: mashine ikikaa bila kufanya kazi, chumvi hupenya taratibu kwenye utando hadi pande zote mbili zikaribiane. Ndiyo maana dakika za mwanzo maji "safi" yangu husoma TDS 25 hadi 30, kisha yanashuka hadi 2. Weka tii (kiungo cha njia tatu) na valvu kati ya utando na rezini, maji ya dakika 3 za kwanza yaende ndoo ya kupigia deki. Ni bora pia kujaza lita 40 kwa mkupuo mmoja mara mbili kwa wiki kuliko kuwasha kila siku kwa lita chache.

Kuhusu maji yanayomwagwa, pima mwenyewe kwa jagi na saa. Kwangu kwa dakika moja ni mililita 210 safi na 640 za kumwaga, yaani moja kwa tatu. Kwa maji ya Ndakaini ningeweza kubana hadi moja kwa mbili. Kwa kisima, usithubutu. Iache tatu au hata nne, la sivyo chumvi na silika zitaganda juu ya utando. Maji hayo yanafaa kufulia, kupiga deki na choo, na katika siku za mgao hakuna atakayelalamika nyumbani ukijaza mapipa nayo.

Kichujio cha kwanza cha maikroni 5 kinakaa miezi minne wakati wa kiangazi. Mvua za Machi hadi Mei zikianza, kinatoka rangi ya chai ndani ya wiki sita, na geji itakuambia kabla ya macho: ikishuka kutoka 70 hadi chini ya 60, badilisha. Kaboni zote mbili, za makopo ya pili na ya tatu, nabadilisha kila miezi sita. Kazi yake si ladha tu. Klorini ikipita huuharibu utando moja kwa moja. Nunua matone ya kupimia klorini ya mabwawa ya kuogelea, upime maji yanayomwagwa. Yakionyesha rangi yoyote, kaboni imechoka.

Ukibadilisha, kaza makopo kwa mkono pekee, spana ni ya kufungulia. Ringi ya mpira ipakwe grisi ya silikoni, si vaselini, kwa kuwa mafuta hayo hufurisha mpira. Utando mpya ukitoa TDS 10 na zaidi wakati geji inasoma 70, utoe uusukume tena hadi mwisho. Mara nyingi zile ringi mbili ndogo za ncha hazijaingia kwenye tundu lake, na maji yanapita pembeni.

Kwa kuchanganya chumvi, mtungi wa lita 20 unachukua gramu 720 hadi 760 za chumvi ya matumbawe kulingana na aina, kufikia uzito linganishi wa 1.026 kwa nyuzi 25. Pasha maji kwanza kwa hita, washa pampu, ndipo umwagie chumvi kidogo kidogo. Usimwage maji juu ya chumvi: chini patakuwa na mchuzi mzito, kalsiamu itajitenga kama chokaa nyeupe, na dKH (kipimo cha alkali ya maji) haitafika unapoitaka. Acha pampu ivunje uso wa maji kwa nguvu. Nairobi iko juu, zaidi ya mita 1,600, na maji ya chumvi ya nyuzi 25 yanashika oksijeni kama miligramu 5.5 kwa lita, wakati Mombasa yangeshika karibu 6.7. Hilo lina uzito pia stima ikipotea: samaki wako wana akiba ndogo kuliko vitabu vya pwani na vya nje vinavyodhania, kwa hiyo pampu ya hewa ya betri iwe tayari karibu na tangi.

Wapo wanaoagiza maji ya bahari kwa mitungi kwenye basi la usiku. Kwa kubadilisha maji inawezekana, lakini bado utahitaji maji matupu ya kujazia kila siku, kwa hivyo mashine huikwepi.

Hifadhi maji yako kwenye mtungi wa plastiki ya chakula, mfuniko umefungwa. Na wakitaka ya kunywa nyumbani, yachukue kwenye ile tii kabla ya rezini, kamwe si baada yake. Hapo ndipo kile kichujio cha madini ulichokitoa kinapopata kazi: kifunge kwenye bomba hilo la jikoni, na kila mmoja atapata maji yake.